Bunduki Iliyonukia Kondoo

Bunduki yangu ya upepo ilikuwa inapiga kushoto, na ndege walikuwa wanamaliza zabibu zangu.

Nasema zabibu zangu, lakini shamba ni la mke wangu, Hana. Alilirithi kwa baba yake, hapa Zuzu, ng'ambo ya reli. Mizabibu ndiyo niliyopanda mimi. Misimu miwili ya kwanza ndege walivuna kabla yetu. Msimu wa tatu ulipoanza kuiva, Hana alisimama katikati ya mistari, akashika kichala kilichotobolewa, akakigeuza, akasema, "Baba Joshua, lori la Anastazia likija likaondoka tupu, nang'oa yote. Napanda alizeti."

Hana hasemi jambo mara mbili. Marehemu baba yake alikuwa hivyo hivyo, na ndiyo maana watu walimlipa madeni yake mapema.

Anastazia ni mnunuzi. Anazunguka na lori lake kwenye mashamba ya zabibu, na huchukua shamba zima au hachukui kitu. Alikuwa ameshasema atakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Basi mimi nilikuwa na kazi moja tu duniani: zabibu zifike siku hiyo zikiwa bado zimening'inia.

Bunduki nilinunua kwa mtumishi mmoja wa serikali aliyekuwa anahama. Kibali nilikifuata polisi mwenyewe, kikatoka. Bunduki ya upepo haina baruti. Ndani kuna springi nene, na mbele ya springi kuna pistoni yenye washa ya ngozi, kipete kinachozuia hewa isivuje. Unakunja mtutu kama unavunja muwa, springi inabanwa. Ukivuta triga inafyatuka, pistoni inasukuma hewa, hewa inasukuma risasi. Risasi zenyewe ni vidonge vidogo vyenye kiuno kama nyigu. Ni kitu rahisi. Nilishindwa kuelewa kitu rahisi hivyo kinapataje akili ya kukosea upande mmoja kila mara.

Ndege walikuwa kuzumburu, wale wenye kishungi na mkia mrefu. Nilikuwa nalenga, napiga, risasi inakwenda kushoto, na kuzumburu anaendelea kula huku ananitazama.

Jirani yangu Castory alikuwa anakuja kuangalia. Castory ni Mnyamwezi, alifanya kazi ya reli mpaka akastaafu, akajenga karibu na shamba letu. Mimi Mgogo. Kwa hiyo ni mtani wangu, na mtani huwezi kumfukuza wala kumkasirikia. Ndivyo tulivyokuta.

"Mgogo," akasema, "unawatisha au unawasalimia?"

"Nyamaza wewe, mbeba mizigo."

"Nauliza kwa sababu yule pale ameitikia." Akachukua kichala, akaanza kula. "Hawa ndege wanakujua. Ukianza kulenga wanagombea nafasi pale unapolenga. Ndipo mahali salama kuliko pote hapa shambani."

Nikakunja mtutu, nikaikaba bunduki kwa mikono miwili na bega kama mtu aliyekamata mwizi, nikapiga. Kushoto.

"Unaona?" akasema Castory. "Wamehamia kulia kwa heshima tu."

Siku hiyo niliamua kuitengeneza. Nilikaza kwanza skrubu zote. Ikapiga kushoto zaidi. Nikaifungua yote nyumbani, kwenye mkeka karibu na jiko. Hakuna aliyeniambia kwamba springi ya namna ile hukaa ndani ikiwa imebanwa hata kama bunduki haijakunjwa. Nilipotoa pini ya mwisho ilitoka kama mbuzi aliyefunguliwa, ikapita juu ya kichwa cha Hana, ikaingia kwenye sufuria ya mlenda. Hana aliitoa kwa mwiko, akaiweka kwenye sahani yangu, akaendelea kusonga ugali.

Mlenda ukawa umenionyesha jambo. Springi ilipokuwa kavu, ukifyatua ilikuwa inalia ndani kama zeze, na bunduki nzima inatetemeka. Yenye mlenda haikulia. Kwa hiyo ilihitaji mafuta. Na washa ya ngozi ilikuwa imepasuka kama kisigino cha mchunga mbuzi. Ilihitaji kubadilishwa.

Nikakata washa mpya kwenye ngozi ya mbuzi. Babu yangu alilainisha kila kitu cha ngozi kwa mafuta ya mkia wa kondoo: kamba, ala ya kisu, viatu. Kondoo wetu wana mkia mnene wa mafuta, na kopo la mafuta hayo halikosekani nyumbani. Nikaloweka washa humo. Nikapaka pistoni. Nikapaka springi. Mikono nikaiacha hivyo hivyo bila kuiosha, maana upepo wa Agosti hapa kwetu unachana ngozi, na mafuta hayo ndiyo tunayojipaka.

Asubuhi nikaenda shambani. Kuzumburu mmoja alikuwa juu ya nguzo, anajipanga. Nikalenga, nikavuta triga.

Ikalia kama bunduki ya kweli. Moshi mwembamba wa bluu ukatoka mtutuni. Ndege akaanguka. Sikuamini. Nikabandika kifuniko cha kopo la rangi kwenye nguzo, nikarudi nyuma hatua za kutosha, nikapiga risasi tano. Matundu yote matano ungeweza kuyaziba kwa kiganja. Kuzumburu wengine walipoona mwenzao ameanguka walihamia ng'ambo ya pili ya reli, kwa watu wengine.

Nilikaa chini nikafurahi. Ndipo nikasikia harufu. Hewa ikibanwa ghafla mle ndani hupata moto, na mafuta yalikuwa yanakaangika. Shamba zima lilikuwa linanukia kondoo wa kuchoma.

Harufu ya mkia wa kondoo haimpotezi mtu wa hapa. Na kwetu, aliyefuata harufu ya nyama mpaka kwako hafukuzwi. Haulizwi amekuja kufanya nini, naye hasemi. Anasalimia, anakaa, anasubiri. Ukila mwenyewe umejificha, jina utakalopewa watalirithi wajukuu.

Wa kwanza kufika alikuwa Castory. Alikuwa na chumvi kwenye kipande cha gazeti. Nyuma yake akaja Mama Aneth, kiongozi wa kwaya anayoimba Hana, na wanawake wawili.

"Mbukwenyi," akasema Mama Aneth.

"Mbukwa. Mnakwenda wapi?"

"Tumekuja kukusalimu."

"Salamu nimepokea."

"Basi endelea na kazi zako, baba. Sisi tupo."

Wakakaa kwenye kivuli cha mizabibu. Mtu anayesubiri mkono wake hautulii. Zabibu zilikuwa zimening'inia pale pale usawa wa uso.

"Hakuna nyama," nikasema. "Hiyo harufu ni ya bunduki."

Castory akanyanyuka, akanusa mtutu, akanitazama. "Bunduki imekula kondoo?"

"Ni mafuta ya mkia. Yako ndani. Yanaungua."

"Mama Aneth, umesikia? Kondoo yumo humo. Anamchinjia ndani ya bunduki ili asitoe sauti."

"Tumesikia," akasema Mama Aneth, akachuma kichala kingine. "Hatuna haraka."

Waliondoka jua lilipowashinda. Walikuwa wamemaliza nusu mstari.

Nikaona suluhisho ni kubadilisha mafuta. Nikaosha kila kitu kwa mafuta ya taa, nikapaka grisi ya beringi niliyonunua mjini. Grisi ile inanuka vibaya, kwa hiyo nikanawa mikono kwa sabuni mpaka viwiko. Nikapiga. Hakuna moshi, hakuna harufu, na risasi ikaenda kushoto kama zamani. Nikaikaba kwa nguvu zaidi. Kushoto. Jioni kuzumburu wakarudi, na walikuja na jamaa zao.

Basi nilikuwa na njia mbili. Grisi ya beringi, nikaliwa na ndege. Mafuta ya mkia, nikaliwa na watu. Nikafikiri: mtu unaweza kumweleza jambo, ndege huwezi. Nikarudisha mafuta ya mkia. Hapo ndipo nilipopotea.

Ndege ni lazima uwakumbushe. Nilipaswa kupiga asubuhi na jioni, la sivyo wanarudi. Na kila nikipiga watu walikuja. Jumapili Hana alirudi kutoka kanisani mapema, akatupa kitabu cha nyimbo mezani.

"Leo kwaya imeniachia benchi zima peke yangu," akasema. "Wanasema mume wangu anachoma kondoo shambani halafu anasingizia bunduki."

"Lakini ni bunduki!"

"Najua ni bunduki. Nimelala na harufu hiyo wiki nzima. Chinja mmoja, Baba Joshua. Wale nyama ya kweli, waone tofauti."

Nilikuwa na kondoo wanane. Nikachinja mmoja. Mama Aneth na kwaya yake wakala, Castory akala, tukaimba wimbo mmoja, Hana akarudishiwa watu kwenye benchi lake. Nikawaeleza tena habari ya washa na pistoni. Wote wakatikisa vichwa huku wanatafuna.

Kesho yake asubuhi nikapiga risasi moja. Wakaja mara mbili ya wale wa mwanzo.

"Jamani, jana si nimewaeleza? Ni bunduki."

"Baba Joshua," akasema Mama Aneth kwa upole, kama anamwambia mgonjwa, "ile siku ya kwanza ulisema ni bunduki. Baadaye tukala. Leo unasema tena ni bunduki. Tutasubiri."

Kabla sijachinja nilikuwa mwongo wa kudhaniwa. Baada ya kuchinja nilikuwa na ushahidi dhidi yangu. Nikawafukuza kwa macho, hawakuondoka. Zabibu zilikuwa zinashuka mstari kwa mstari. Nikaona bora wale kondoo kuliko wale zabibu, nikachinja wa pili ili watoke kivulini waende karibu na moto. Walikwenda karibu na moto na vichala mkononi. Nyama ya kondoo ina mafuta, wakasema, inataka kitu kichachu.

"Mtani," Castory akaniambia huku anaramba vidole, "nimeishi Tabora, nimeishi Kigoma kwenye reli, sijaona mtu mkarimu anayekasirika namna hii."

"Wewe unajua kabisa ni bunduki. Umenusa mwenyewe."

"Najua."

"Sasa kwa nini huwaambii?"

"Niwaambie halafu nile nini?"

Kondoo walipobaki watatu, mtendaji wa mtaa akaja. Anaitwa Optatus, kijana wa Rombo, shati limepigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe.

"Shikamoo, mzee Elieza."

"Marahaba. Umekuja kwa ajili ya bunduki? Kibali hiki hapa."

"Hapana mzee, bunduki haina shida. Ofisi imepokea malalamiko ya nyama."

"Malalamiko gani?"

"Wapo wakazi wa upande wa stesheni, wanasema harufu inawafikia lakini wakija wanakuta imeisha. Wanasema kuna upendeleo."

Nikamweleza yote tangu springi kwenye mlenda. Aliandika neno moja, akalifuta. "Mzee, hapa dawa ni jaribio la hadharani. Unapiga mbele ya watu wote, mimi nanusa, natoa tamko. Jina lako linasafishwa moja kwa moja. Jumamosi, saa nne."

"Jumamosi navuna. Lori linakuja."

"Ndiyo vizuri. Watu watakuwepo wengi, watakusaidia kuvuna."

Hilo alisema kweli. Walivuna.

Jumamosi walifika wa stesheni, wa kanisani, na wengine sijui walitoka wapi. Mmoja aliniambia ametembea tangu alfajiri. Ukiwaita watu wengi hivyo huwezi kuwakalisha bila kitu. Hana hakunitazama. Alichukua kisu, akaenda zizini mwenyewe na vijana wawili, na kondoo watatu wa mwisho wakaingia motoni kabla Optatus hajasimama kuhutubia. Watu wakajipanga kivulini, kati ya mizabibu, kusubiri.

"Ndugu wananchi," Optatus akaanza, "tunataka ukweli. Harufu isije ikawa inatoka mikononi mwa mzee. Kwa hiyo mzee atanawa kwa sabuni, na bunduki itafutwa kwa nje."

Nikanawa. Mwanamke mmoja akafuta kitako cha bunduki kwa upande wa kanga mpaka kikang'aa. Optatus akabandika kifuniko cha rangi kwenye nguzo, akahakikisha hakuna mtu nyuma wala pembeni. Kuku hakuna aliyewafikiria. Nikaikaba bunduki vizuri, maana watu walikuwa wananitazama, nikapiga.

Moshi ukatoka. Harufu ikatoka. Risasi ikaenda kushoto, ikampata jogoo wa Castory aliyekuwa amefuata makombo.

Optatus akauinamia mtutu, akafumba macho, akanusa muda mrefu. Akainuka. "Ni bunduki," akasema.

Nilikuwa nimesafishwa jina, na sijawahi kuona watu wanasikitika vile. Mama Aneth alinishika mkono kama ameletewa habari ya msiba.

"Mtani," Castory akasema, "umeniulia jogoo." Alikuwa ameshika ubavu mkono wa kulia na mafuta yanamtiririka mpaka kiwiko. "Lete hiyo bunduki nijilipizie. Nione kama ni mbovu au ni wewe."

Nikamkunjia mtutu, nikamtilia risasi, nikampa. Akauma ule ubavu kwa meno ili apate mikono. Vidole vilikuwa vinateleza. Hakuweza kuikaba. Akaufungua mkono wa kushoto, akailaza bunduki juu ya kiganja kilichokunjuliwa kama unavyoweka kifaranga, bega akaligusisha tu, akapiga.

Katikati ya kifuniko.

"Bahati," nikasema. Nikamkunjia tena. Akapiga. Risasi ikapita kwenye tundu lile lile.

Nikaichukua mimi na mikono yangu safi. Kushoto. Nikatazama mikono yangu. Nikaenda motoni, nikachovya vidole kwenye mafuta ya sinia, nikarudi, nikailaza bunduki kiganjani kwa kuwa haishikiki. Katikati.

Ndipo nikaelewa, mbele ya mtaa mzima. Bunduki ya springi hurukaruka yenyewe kabla risasi haijatoka mtutuni. Inarudi nyuma, inakwenda mbele. Ukiikaba inagombana na wewe, na inakosea. Ukiiacha iruke inavyotaka, inaruka vile vile kila mara. Mafuta ya mkia hayakufanya kitu chochote mle ndani isipokuwa kunukia. Yaliyofanya kazi ni yale ya mikononi mwangu. Ningeweza kupaka grisi ya beringi ndani, nikalegeza mkono, nikamaliza habari siku ya kwanza.

"Kwa nini hukuniambia ishikwe hivyo?" nikamuuliza Castory.

Akatoa ubavu mdomoni. "Sikujua. Hata sasa sijui. Nilikuwa naogopa kukuchafulia bunduki."

Lori likaja wakati huo. Anastazia akashuka, mwanamke mnene wa kofia ya majani, akaingia kwenye mstari wa kwanza, akapita wa pili, wa tatu. Alikuwa ananyanyua majani na kuyaachia. Vilibaki vijiti.

"Ndege?" akauliza.

"Ndege hawajagusa," nikasema. Ilikuwa kweli.

Akawatazama watu waliokaa kivulini. Zabibu zetu ni nyeusi. Midomo yote ilikuwa ya zambarau, pamoja na ya Optatus, na shati lake lililonyooka lilikuwa na doa kifuani. Mama Aneth akamkaribisha. Akakaa, akala, akasifu nyama, akafungiwa paja kwenye mfuko, akapanda lori. Dereva aligeuza kwa urahisi kwa kuwa halikuwa na uzito.

Hana alisubiri mpaka mtu wa mwisho akanawa mikono. Kisha akaleta jembe, akaanza na mstari wa kwanza. Hakuwa na haja ya kusema, alishasema. Nilichukua jembe la pili nikaanza upande mwingine, tukakutana katikati.

Sasa hivi shamba ni vumbi na mashimo, tunasubiri mvua tupande alizeti. Bunduki inapiga sawasawa. Nikiilaza kiganjani naweza kutoboa punje ya mtama. Kuzumburu wamerudi, wanakaa kwenye waya wa reli, wanatazama shamba na wao wanasubiri mvua.

Mimi nimepoteza kondoo wanane, na mbwa sasa analala zizini. Nimepoteza mizabibu mistari kumi na miwili, na misimu mitatu ya kuihudumia. Castory nimemlipa mitetea miwili kwa jogoo mmoja, kwa sababu alisema yule alikuwa na sauti. Kopo la mafuta ya mkia limeisha. Na ndege, kwa hayo yote, amekufa mmoja.